Vyumba Viwili Vilivyofutwa Kwenye Ramani: Kisa cha Vila ya Kifahari Ibiza

Kisa hiki kinahusu vila moja ya kukodisha kwa watalii katika kisiwa cha Ibiza. Majina hayapo, eneo kamili halitajwi, na vipimo vya nyumba nimevikadiria ili isitambulike. Mfuatano wa mambo ndio uleule. Nilishiriki upande wa hesabu za maji na joto, kwa hiyo sehemu hizo ndizo nitakazokaa nazo zaidi.

Nawaandikia wasanifu majengo, wakandarasi na wamiliki wa nyumba za pwani wanaosoma Kiswahili, maana michoro ya vila za Mediterania inapendwa sana kwetu na wengi huichukua ilivyo. Nyumba nitakayoieleza ilisanifiwa vizuri na kujengwa vizuri zaidi. Hata hivyo msimu wa pili ilikunywa maji na kula umeme kama jengo ambalo halikufikiriwa kabisa, na chanzo chake kilikuwa uamuzi uliopita mezani kwa dakika chache tu.

Usuli: mahali ambapo mvua na wageni hawakutani

Ibiza ni sehemu ya Visiwa vya Baleari vya Hispania, latitudo ya 39 kaskazini. Hupata mvua ya takriban milimita 400 kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Septemba na Mei. Julai ni milimita chache tu. Wageni nao hufurika kuanzia Juni hadi Septemba. Yaani maji huja watu wakiwa hawapo, na watu huja maji yakiwa yamekwisha. Visima vingi vya karibu na bahari vimeingiwa na chumvi kwa kuvutwa kupita kiasi. Kisiwa kina mitambo mitatu ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, na kila mita ya ujazo hula umeme wa kilowati-saa 3 hadi 4. Nyumba za mashambani ambazo bomba halijazifikia hununua maji ya boza.

Wenyeji wa zamani walilijua hilo na nyumba zao zinaonyesha. Nyumba ya jadi ya Ibiza ni mkusanyiko wa masanduku meupe ya mawe na chokaa, kila sanduku chumba kimoja, yakiongezwa kadiri familia inavyokua, uso wa nyumba ukitazama kusini. Paa ni bapa. Boriti zake ni za sabina, mti wa jenasi moja na mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya. Juu ya boriti zinalazwa mbao, kisha tabaka la nyasi kavu za baharini, kisha majivu au mkaa, kisha udongo. Mvua inayoanguka juu yake huelekezwa kwenye birika la chini ya ardhi. Upana wa chumba unaamuliwa na urefu wa boriti, jambo ambalo mtu wa Lamu au Unguja halihitaji kuelezwa, kwani boriti za mikoko zilipanga vyumba vyetu kwa namna hiyohiyo. Msanii Raoul Hausmann aliyeishi kisiwani miaka ya 1930 alizipima na kuzipiga picha nyumba hizi, na msanifu Josep Lluís Sert wa Katalunya alizitumia kuwaonyesha wenzake wa Ulaya kuwa usasa waliokuwa wanautafuta ulikuwa tayari umejengwa na wakulima.

Wamiliki wa vila yetu ni familia kutoka Ulaya ya kaskazini. Kiwanja kilikuwa mteremko unaotazama kusini-magharibi, wenye misonobari, mikarobu michache, na matuta ya kilimo yaliyozuiwa na kuta za mawe yasiyo na udongo wala saruji. Kilikuwa nje ya ukanda wa mita 100 kutoka ufukweni, ambamo sheria ya pwani ya Hispania ya mwaka 1988 hairuhusu makazi mapya. Walitaka vyumba sita vya wageni, bwawa ambalo ukingo wake unaonekana kuungana na bahari, machweo ya jua kutoka kitandani, ukoka wa kijani mbele ya nyumba, na mizeituni mikongwe. Walitaka pia iwe nyumba isiyoumiza kisiwa. Walimaanisha, na nilipata nafasi ya kuona kwamba walimaanisha, kwa sababu mara kadhaa walilipa zaidi ili iwe hivyo.

Ugomvi wa magharibi

Mchoro wa kwanza ulikuwa jengo moja refu la kioo, limelala juu ya mgongo wa mteremko, uso wake wote ukielekea machweo. Ulipendeza sana kwenye picha.

Tatizo lake ni jiometria ya jua. Kwa latitudo ile, jua la adhuhuri mwishoni mwa Juni hufika nyuzi 74 juu ya upeo wa macho, na mwishoni mwa Desemba hufika 27 au 28 tu. Ukuta unaotazama kusini unalindwa na upenu wa kawaida: upenu wa mita moja hutupa kivuli cha mita tatu na nusu adhuhuri ya Juni, na hutupa nusu mita tu Desemba, hivyo jua la baridi huingia ndani kupasha joto sakafu bila malipo. Ukuta wa magharibi hauna msaada huo. Alasiri inavyosonga jua hushuka, linaingia moja kwa moja chini ya upenu wowote, tena katika saa ambazo hewa ya nje iko karibu na kilele cha joto lake. Kioo cha kisasa chenye tabaka mbili hupunguza kiasi, lakini joto lililokwisha kuingia halitoki kirahisi.

Jørn Utzon, Mdenmaki aliyesanifu Jumba la Opera la Sydney, alijenga nyumba yake Mallorca, kisiwa jirani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliigawa katika majengo madogo ya jiwe la mchanga la kienyeji, na madirisha ya upande wa bahari aliyazamisha ndani ya kuta nene. Hata hivyo mng'ao wa bahari ulimsumbua macho hadi baadaye akajenga nyumba nyingine ndani ya kisiwa hichohicho, mbali na ufuko. Niliitaja nyumba hiyo kwenye kikao kwa sababu mmiliki aliipenda sana, naye alikuwa amechukua mandhari yake na kusahau kivuli chake.

Baada ya majadiliano marefu, jengo moja lilivunjwa likawa masanduku manne yaliyopangwa kuzunguka ua, kila moja likitazama kusini au kusini-mashariki, yakifuata matuta ya zamani ili ardhi isichimbwe ovyo. Upande wa magharibi ukapewa baraza pana lenye kivuli, mahali pa kukaa jioni, badala ya chumba. Isipokuwa kimoja. Mmiliki hakukubali kuachia machweo ya chumba chake kikuu, na chumba hicho kikabaki na kioo kizima upande wa magharibi, kikiwekewa vikinga-jua vya mbao vinavyoteleza kwenye reli upande wa nje. Kikinga kilichofungwa kuanzia saa saba mchana hadi jua linapokaribia kuzama kingefanya kazi. Mahesabu yote ya joto ya chumba kile yalitegemea mkono wa mtu wa kukifunga.

Kuta, paa, na nyasi za baharini

Mawe ya kuta za nje yalitoka kwenye shimo la birika na la bwawa, papo hapo kiwanjani. Hilo liliondoa safari nyingi za malori, na rangi ya nyumba ikawa rangi ya ardhi yake. Nyuma ya mawe kukawekwa mabamba ya koki, gome la mwaloni linalovunwa Hispania na Ureno bila kuukata mti, na ndani kabisa matofali ya udongo wa kushindilia, yasiyochomwa, yakapigwa lipu ya chokaa. Mpangilio huu una sababu. Uzito unaotunza ubaridi unatakiwa uwe upande wa ndani wa kizuia joto. Ukiuacha nje, jua linaupasha na chumba hakinufaiki.

Paa lilirudia hekima ya zamani. Nyasi za baharini zinazowekwa paani ni majani ya posidonia ya huku (Posidonia oceanica), mmea wa baharini wenye maua na mizizi. Hauoti popote duniani isipokuwa Mediterania, na malisho yake kuzunguka Ibiza ni sehemu ya urithi wa dunia uliotambuliwa na UNESCO mwaka 1999. Majani yake makavu hutupwa ufukweni kwa marundo. Chumvi iliyomo huyakinga na wadudu na kuoza, na hewa iliyonaswa kati ya majani huzuia joto. Taasisi ya makazi ya serikali ya Baleari iliyatumia kwenye mapaa ya nyumba 14 za gharama nafuu huko Sant Ferran, kisiwa cha Formentera, zilizokamilika mwaka 2017. Napenda kulitaja hili kila ninapoweza: mbinu ambayo vila za kifahari sasa zinajivunia ilijaribiwa kwa makini zaidi kwenye nyumba za watu wa kipato cha chini.

Kuyachukua si jambo la kujibebea. Marundo yale hulinda mchanga usichukuliwe na dhoruba za baridi, na amri ya serikali ya visiwa ya mwaka 2018 inaulinda mmea wenyewe na kusimamia uondoaji wa majani ufukweni. Mkandarasi alipitia njia ya vibali, na ratiba ya paa ikachelewa. Mmiliki alivumilia.

Mizeituni mikongwe

Hapa ndipo timu ilifanya uamuzi wake bora kuliko yote, na haukugharimu chochote.

Bustani za kifahari za Ibiza kwa miaka mingi zimepambwa kwa mizeituni mikubwa ya karne nyingi, iliyong'olewa Hispania bara na kuletwa kwa meli na mizizi na udongo wake. Ndani ya mashina yenye mashimo walijificha nyoka. Kabla ya hapo kisiwa hakikuwa na nyoka. Waligunduliwa mwaka 2003, na tangu hapo aina moja hasa imeenea na kumla mjusi wa kisiwa, kiumbe asiyepatikana kiasili popote isipokuwa Ibiza, Formentera na visiwa vidogo vinavyovizunguka. Katika maeneo ambako nyoka wamekaa muda mrefu, mijusi wametoweka. Nyoka hao huogelea, na wameonekana wakivuka kwenda visiwa vidogo ambako kila kundi la mijusi lina rangi zake.

Kuna na bakteria Xylella fastidiosa, anayeua milozi na mizeituni, aliyegunduliwa katika Visiwa vya Baleari mwaka 2016. Kusafirisha miti mikubwa ni kumpa nauli.

Mbunifu wa bustani aliwaeleza wamiliki hayo yote kwa picha za mijusi, wala hakutumia takwimu. Mizeituni ikafutwa kwenye orodha. Zilibaki mikarobu na misonobari iliyokuwepo, kuta za matuta zikatengenezwa upya na fundi mwashi anayejua kupanga jiwe juu ya jiwe bila kiunganishi. Ufundi huo uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2018, Hispania ikiwa miongoni mwa nchi nane. Nafasi kati ya mawe ni nyumba za mijusi.

Hesabu ya maji

Nitaiweka hesabu wazi, kwa sababu msomaji anaweza kuirudia kwa kiwanja chake.

Mapaa yote yalikuwa na eneo la takriban mita za mraba 350. Kwa mvua ya milimita 400, ukitoa sehemu ya tano inayopotea, unavuna kama mita za ujazo 112 kwa mwaka. Birika likachimbwa la mita 120. Ukubwa huo uliwashangaza watu, waliotaka tangi la 20. Lakini tangi dogo lingejaa Oktoba na kufurika majira yote ya baridi wakati nyumba haina mtu, kisha likauke wiki ya pili ya Juni. Birika la nchi ya namna hii linapimwa kwa urefu wa kiangazi.

Matumizi sasa. Wageni 12, lita 200 kila mmoja kwa siku, ambacho ni kiwango cha hoteli nzuri, kwa siku 100 za msimu: mita za ujazo 240. Bwawa lenye uso wa mita za mraba 60 hupoteza kwa mvukizo kama milimita 6 kwa siku, yaani mita za ujazo 36 kwa msimu, bila kuhesabu maji ya kuoshea chujio. Ukoka wa mita za mraba 400 huhitaji kama milimita 5 kwa siku: mita za ujazo 200.

Kila mtu mezani alitegemea kusikia kwamba bwawa ndilo mlafi. Ukoka ulikuwa unakunywa zaidi ya mara tano ya bwawa. Kujaza bwawa mara ya kwanza kulihitaji mita za ujazo zipatazo 80, lakini hiyo ni mara moja tu, mradi mtu asilimwage kila mwaka.

Uamuzi ukawa hivi: ukoka uondolewe wote na nafasi yake ichukuliwe na vichaka vya kienyeji, rozimari na mimea mingine inayojua kulala kiangazi, maji ya kuogea na kunawia yachujwe yatumike kusafishia vyoo, yaokoe kama mita za ujazo 48, na yanayobaki yapelekwe kwenye vichaka, bwawa lifunikwe usiku na lisimwagwe. Kwa hesabu hiyo nyumba ingebaki na upungufu wa mita za ujazo 116 hivi, ambazo ni maboza 12 ya lita 10,000. Pamoja na ukoka yangekuwa 32. Hatukumwambia mtu kwamba nyumba itajitosheleza kwa maji, kwani watu 12 wenye kuoga mara tatu kwa siku hawawezi kuishi kwa mvua ya paa hilo.

Vyumba viwili

Kibali kilikuwa na kikomo cha mita za mraba. Mchoro uliokubaliwa ulikuwa na vyumba viwili vya wafanyakazi karibu na ua wa huduma, kila kimoja na bafu lake. Karibu na mwisho, wakala wa kukodisha alishauri kuwa vila ya kiwango kile bila chumba cha mazoezi itauzwa kwa bei ya chini kila wiki. Mita za mraba hazikuweza kuongezwa. Vyumba viwili vikafutwa, jimu ikachorwa mahali pake. Wafanyakazi, ikasemwa, watakuja asubuhi na kuondoka jioni.

Sababu ilikuwa ya kibiashara na ilieleweka. Lakini Ibiza ina shida kubwa ya makazi. Nyumba nyingi zinakodishwa kwa watalii, kodi ya msimu imepanda kupita mishahara, na kuna wafanyakazi wa hoteli, hata walimu na wauguzi, wanaolala kwenye magari au kupanga kitanda badala ya chumba. Hilo halikuwa siri. Halikuwekwa tu kwenye meza moja na mchoro, kwa sababu lilionekana ni suala la ajira, na ajira haikuwa kazi ya msanifu.

Majira matatu ya joto

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri kwa nusu. Juni, wafanyakazi watatu walifundishwa namna ya kuishi na nyumba: vikinga-jua vya magharibi vifungwe baada ya chakula cha mchana, madirisha ya juu yafunguliwe usiku ili joto lipande na kutoka, kifuniko cha bwawa kivutwe wageni wakilala. Masanduku ya kusini yalikaa ya ubaridi mchana kutwa, na viyoyozi vilitumika zaidi usiku vyumbani. Paneli za sola zilibeba sehemu kubwa ya mzigo wa mchana, kwani saa ambazo jua ni kali ndizo saa ambazo pampu ya bwawa inahitaji umeme.

Agosti, wawili kati ya watatu waliondoka. Mmoja alikuwa analala kwenye gari lake, mwingine alifukuzwa chumbani wakati mwenye nyumba alipopata mpangaji wa wiki. Waliochukua nafasi zao walifundishwa kusafisha tu.

Msimu wa pili wafanyakazi wote walikuwa wapya. Vikinga-jua viliachwa wazi ili mgeni akifika alasiri aione bahari mara moja. Chumba kikuu kikawa tanuri, kiyoyozi kikawashwa mchana mzima, na milango ya baraza ikabaki wazi kwa sababu upepo wa bahari ulikuwa mtamu. Kifuniko cha bwawa kilikunjwa nyuma ya stoo. Na majira ya machipuko ya mwaka ule, kabla ya kiangazi, wakala, baada ya wageni kadhaa kuandika kuwa bustani ilikuwa imekauka, alilaza ukoka wa kununuliwa kwa mikunjo, karibu mita zote 400 za mchoro wa kwanza. Mbunifu wa bustani alijua kwa kuona picha kwenye tangazo la kukodisha. Birika lilikwisha mapema Julai, na maboza yakaanza kupanda mlima.

Kabla ya msimu wa tatu mmiliki aliita kikao. Kwa kupendekezwa na msanifu, jimu ikageuzwa kuwa makazi ya mke na mume, wasimamizi wa nyumba, waliopewa mkataba wa mwaka mzima. Vyombo vya mazoezi vikahamia barazani chini ya kivuli. Ukoka ukapunguzwa hadi kiraka kidogo karibu na meza ya nje, mahali watoto wanapokaa. Mkataba wa wakala ukaongezewa kifungu kwamba bustani haibadilishwi bila ridhaa ya maandishi.

Kilichofanya kazi

Kugawa nyumba na kuielekeza kusini kulifanya kazi miaka yote mitatu, hata mwaka ambao hakuna aliyejali. Upenu hauhitaji mfanyakazi. Vivyo hivyo koki ukutani na posidonia darini. Naliona hili kuwa kipimo kizuri cha uamuzi wa kisanifu: je, utaendelea kutoa faida siku ambayo aliyeuelewa ameondoka?

Uingizaji wa hewa ya usiku ulisaidia, lakini chini ya tulivyotamani. Agosti usiku wa Ibiza mara nyingi haushuki chini ya nyuzi 22, na kuta zikishakusanya joto la wiki kadhaa hazipoi kwa usiku mmoja. Faida kubwa ya uzito wa kuta ilionekana Juni na Septemba, na zaidi majira ya baridi, jua la Januari linapoingia chini ya upenu.

Mijusi wako ukutani. Sitadai kwamba nyumba moja imewaokoa. Nyoka wanaenea kisiwani bila kujali mipaka ya kiwanja, ila hakuna waliokuja na mti wetu.

Kilichoshindwa, na kwa nini

Ni rahisi kumlaumu wakala. Alifanya kazi aliyolipwa kufanya, na hakuna aliyempa hesabu ya maji. Tangazo liliahidi nyumba rafiki wa mazingira kwa picha zilizopigwa Mei, vichaka vikiwa na maua. Mgeni aliyefika Agosti akakuta rangi ya kahawia akajiona ametapeliwa. Bustani ya Mediterania iliyolala kiangazi ni bustani yenye afya, na mtu alipaswa kumwambia mgeni hivyo kabla hajalipa.

Mita nayo ilikuwa moja tu kwa maji yote. Laiti ukoka, bwawa na nyumba vingekuwa na mita zake, tatizo la mwaka wa pili lingeonekana ndani ya wiki mbili badala ya kungoja ankara za maboza.

Lakini chini ya yote hayo kuna vile vyumba viwili. Vikinga-jua, kifuniko cha bwawa, madirisha ya usiku: nusu ya ufanisi wa nyumba ilikabidhiwa kwa mikono ya watu, kisha watu hao wakanyimwa njia ya kubaki. Hatukuhitaji teknolojia nyingine. Kuna aliyependekeza injini za kufunga vikinga-jua vyenyewe. Injini za nje karibu na bahari huliwa na chumvi, na zikiharibika Agosti fundi hapatikani. Mtu anayelala pale, anayeijua nyumba kwa mwaka wa pili na wa tatu, hutambua hata sauti ya pampu inayovuja. Kwenye karatasi ya gharama za ujenzi, hakuna kifaa cha kuokoa nishati katika mradi mzima kilichokuwa rahisi kuliko vitanda vile.

Ukiichukua ramani hii Diani au Nungwi

Usiichukue ilivyo. Nungwi iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri mwezi Juni liko upande wa kaskazini, kama nyuzi 61 juu, na Desemba liko kusini, kama nyuzi 72. Nyumba inahitaji upenu pande zote mbili, na hakuna jua la baridi la kukaribisha ndani. Paa bapa linaloishi kwa milimita 400 za mvua litateswa na masika yetu. Joto letu halina mapumziko ya miezi minane, hivyo ukuta mnene bila upepo wa kupita ni mzigo tu. Nyumba za Lamu zilioanisha ukuta mnene na ua wazi, na hilo ndilo la kuiga.

Upande wa maji tuna nafuu na kufanana. Tuna mvua za masika na za vuli, hivyo kiangazi kati yake ni kifupi na birika linaweza kuwa dogo kuliko la Ibiza kwa paa lilelile. Lakini msimu wetu wa wageni pia unakimbia mvua: hoteli nyingi za pwani hupungua wageni au kufunga Aprili na Mei, kisha hujaa wakati wa ukavu. Na wafanyakazi wetu nao, wanaotoka mbali kwa daladala au matatu ili kufungua madirisha ya nyumba ya mtu, wanahitaji kuwemo kwenye mchoro tangu siku ya kwanza.

Yaliyobaki

Badala ya vyumba viwili kimepatikana kimoja, na mfanyakazi wa tatu bado anasafiri kila siku kutoka upande wa pili wa kisiwa. Nyumba bado inanunua maji kila Agosti, kiasi kinachokaribiana na upungufu uliokadiriwa mwanzoni. Mita tatu zimefungwa. Chumba cha magharibi kinapoa vikinga-jua vikifungwa kwa wakati, lakini kuna wageni wanaovifungua wenyewe, nao ndio wenye likizo. Pendekezo lililo mezani ni kuziba theluthi ya kioo kwa ukuta wa jiwe na kuacha dirisha la upana wa kitanda. Mmiliki ameomba lichorwe. Kazi yenyewe, ikikubaliwa, itafanyika majira ya baridi, wageni wakiwa wameondoka na mafundi wakiwa na nafasi.